Miguu Yangu Ilikuwa Choo cha Deo

Asubuhi moja mwaka huu wa 2013, nikiwa nafua uani kwangu hapa Kasulu, nilisikia sauti upande wa pili wa ua. "Shuuu... shuuu... shuuu..." Kila mwanamke aliyelea anaijua. Ni sauti ya kuuita mkojo wa mtoto, unaitoa polepole kati ya meno mpaka mkojo wenyewe uone aibu ushuke. Lakini sauti ile haikuwa ya mtu mzima. Ilikuwa nyembamba, ya mtoto. Tena ilikuwa Jumanne, saa tatu, kengele ya shule imelia zamani.

Nilizunguka ua na povu mikononi. Nikamkuta msichana wa miaka kama kumi, ameletwa kutoka vijiji vya Buhigwe, amekaa chini miguu kainyoosha mbele, na mtoto wa jirani yangu kakalishwa juu ya nyayo zake. Jirani huyo, nawaambia ili mcheke, anauza madaftari na kalamu pale sokoni.

"Mwanangu, unasoma darasa la ngapi?"

"Sijaanza, mama. Dada kasema nitaanza huyu akijua kwenda choo."

Jirani alipotoka ndani akaniona nimesimama pale nadondosha maji, alisema, "Mama Tereza, kila nyumba ina mambo yake." Nikamjibu kwamba mambo ya nyumba yake nayajua kuliko yeye. Mchana ule ule nilikuwa kwa mwenyekiti wa mtaa, na sikuondoka hadi alipochoka kuniona. Wiki iliyofuata yule msichana alivaa sare, kubwa, inamburuza, lakini sare. Jirani hanisalimii tena. Na asinisalimie.

Sasa ngoja niwaeleze ninyi mnaosoma, maana pale mtaani wanasema nina kiherehere.

Nilizaliwa upande wa Kakonko, zamani hizo kote kule tukisema ni Kibondo tu, wala hakuna aliyeota kwamba Kakonko itakuja kuwa wilaya na maofisa wake. Mama alifariki nikiwa sijaota meno ya mbele ya ukubwani. Baba alikwenda Tanga kukata mkonge, akasema atarudi baada ya mavuno mawili. Labda bado anakata. Mimi nikachukuliwa na masenge, ndivyo sisi Waha tunavyomwita shangazi, dada wa baba. Jina lake Anastazia. Mumewe aliitwa Bernado. Nawataja kwa majina kwa sababu wao hawakuona tabu kulitaja langu, na mara nyingi nilipoitwa Skolastika kwa ukamilifu wake nilikuwa naitiwa fimbo.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la pili. Nilipenda shule kwa namna ambayo leo naona aibu kidogo kuisema. Nilipenda harufu ya chaki. Nilipenda kwamba pale ndani kulikuwa na mtu mzima ambaye ukijua jambo hakunji uso. Basi siku moja masenge aliniita jikoni. Alikuwa anapepeta maharage, na pembeni yake Deo, mwanawe wa mwaka na nusu, mnene kama kibuyu, amekaa juu ya majivu ya baridi anajipaka.

"Skola, shule utaiacha kwanza. Nina shamba la mihogo kule bondeni, nina mgongo mmoja. Huyu hapa ananichafulia nyumba kama kuku. Siku atakayojua kwenda haja yake bila kuchafua, kesho yake asubuhi unarudi kwa mwalimu. Naapa." Akaigusa rozari yake shingoni.

Mtoto wa miaka tisa akiapiwa kwa rozari, afanye nini? Niliamini. Kwa hiyo, ndugu zangu, tangu siku ile masomo yangu yalikaa kwenye matako ya Deo. Chekeni. Mimi mwenyewe kuna siku nacheka.

Deo alikuwa anavaa shati tu, chini hewa, na alama zake alikuwa anaacha popote. Mlangoni. Juu ya mkeka wa unga wa mihogo. Mara moja ndani ya kata ya kuchotea maji ya kunywa, na sijui hata alilenga vipi. Chooni hapelekwi mtoto mdogo vile. Choo chetu kilikuwa shimo na magogo mawili, mtu mzima mwenyewe alikuwa anaingia kwa tahadhari. Mtoto alifundishwa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Asubuhi, akishamaliza uji, unatandika jani la mgomba. Unakaa chini. Unanyoosha miguu, unaitenganisha kiasi cha kiganja, unamkalisha mtoto juu ya nyayo zako akikutazama, mikono yake ndani ya mikono yako. Ndiyo hivyo. Miguu yako ndiyo choo chake. Akimaliza, unafunika kwa majivu, unakunja jani, unachukua jembe bovu, unakwenda kufukia kabla mbwa hajakutangulia, kwa sababu mbwa wa kwetu hawakuwa na adabu.

Na kule milimani asubuhi ni baridi. Umande ulipanda kutoka ardhini ukaingia mifupani mwangu. Miguu ilikuwa inakufa ganzi mpaka siioni kama ni yangu. Deo yeye anatazama ndege. Deo anacheka. Deo anavuta vifungo vya gauni langu. Shuuu, shuuu, namwambia, na kwa ile kubwa unakaza uso na kuguna "mmmh" ili aige, naye anaiga uso tu, wala hakuna kinachoshuka. Nikimwinua, akipiga hatua tatu, pale pale, ananiachia.

Baada ya siku kadhaa niliona nikinyamaza nitalia. Nikaanza kumsomea. Nilikumbuka ukuta mzima wa darasa letu, basi nikawa nauimba: ba, be, bi, bo, bu. Da, de, di, do, du. Nilikuwa najiimbia mwenyewe, nisije nikasahau, lakini Deo alitulia. Alinitazama mdomo. Tulifika kwenye ka, ke, ki, ko, ku, na hapo nikasikia jani chini linapigwa. Sijawahi kufurahia mavi ya mtu kiasi kile.

Tangu hapo ikawa ndio utaratibu wetu. Nilianza pia kumsoma yeye. Niligundua kwamba haja ikimjia anaacha alichokuwa anafanya, anasimama, anainamisha shingo upande mmoja, macho mbali, kama mzee anayesikiliza taarifa ya habari. Ukimwona hivyo una nafasi ya kuvuta pumzi mbili. Namnyakua, tunakimbia migombani, ba, be, bi. Wiki ya nne jogoo la Bernado lilimdonoa matakoni akiwa katikati ya kazi, na kwa siku tano Deo hakutaka hata kuona mgomba. Yote niliyojenga yakabomoka. Nililifukuza lile jogoo kwa mawe hadi likahamia kwa jirani, nikachapwa kwa ajili yake, nikaanza upya.

Wiki ya sita Deo alikwenda mwenyewe. Nilikuwa natwanga. Nikamwona anasikiliza taarifa yake ya habari, halafu, bila kuniita, akaondoka kwa ule mwendo wake wa kuyumba, akavuta jani kavu, akachuchumaa. Alirudi na jani mkononi kunionyesha. Niliacha mtwangio nikamrusha juu kama ndiye aliyeniletea sare.

"Masenge," nilimwambia jioni, "Deo anajua."

"Mchana. Na usiku je?"

Nilifanya kazi ya usiku. Mkeka ulipokauka wiki nzima nilimpelekea aunuse.

"Na mvua zikianza? Atakwenda migombani na mvua?"

Mvua zikaja. Deo akawa anakwenda na mvua, shati limemganda, anarudi anatetemeka na kujisifu. "Tutaona," akasema masenge. Nami nikaona. Niliona mwezi wa tatu, nikaona wa nne.

Ndipo akaja Mwalimu Gervas. Nalo jina lake naliandika. Alikuja kwa baiskeli, daftari la mahudhurio limefungwa nyuma kwa mpira, maana siku hizo serikali ilikuwa inataka kila mtoto asome na walimu walitumwa majumbani kuwatafuta watoro. Bernado alikuwa kwenye kigoda chake na kibuyu cha pombe ya ndizi katikati ya magoti. Masenge, mimba ya miezi saba, anapukuchua mahindi. Wakasalimiana kwa kupiga makofi, salamu zetu ndefu zile, mpaka mwalimu akauliza habari za mbuzi. Mimi nilipiga magoti pembeni.

"Mama Deo, huyu binti jina lake ninalo bado. Miezi minne sasa."

"Nitafanyaje, mwalimu wangu? Kitoto hiki bado kinajimwagia ovyo. Siku atakayojua, kesho yake namleta mwenyewe, hata kwa mgongo."

"Masenge, anajua," nilisema.

"Nani kakuuliza wewe?" Bernado akafoka.

Lakini mwalimu alinigeukia. "Skolastika, na kusoma umeshasahau?"

"Sijasahau, mwalimu."

Akachukua kijiti, akaandika kwenye vumbi. Nikaona herufi zangu pale chini, kama ndugu wametoka safari. Nikasimama wima, mikono nyuma kama darasani, nikasoma kwa sauti yangu yote: "Ba! Be! Bi! Bo! Bu!"

Deo alikuwa anaguguna kigunzi karibu na mlango. Aliposikia, alikitupa. Alikwenda moja kwa moja kwenye migomba, akavuta jani, akachuchumaa mbele yetu sote, na uso ukakaza.

Halafu Bernado alipasuka. Alicheka hadi pombe ikamtoka puani. Mwalimu alishika baiskeli asianguke. "Yoo! Huyu ni mwalimu kuliko mimi! Mimi nina viboko na hawanisikilizi hivi!" Hata masenge, ambaye dakika iliyopita alikuwa anaapa kwamba mtoto hajui, alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge.

Niliwaza, sasa imekwisha. Amethibitika mbele ya mwalimu mwenyewe. Kesho.

"Mwalimu," Bernado akasema alipopata pumzi, "mtoto mwenye mkono kama huu utamtoaje nyumbani? Huyu mwingine anakuja mwezi wa kwanza. Nani atamfundisha?"

"Umesikia, Skola?" masenge akadakia, kwa sauti tamu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. "Mwalimu mwenyewe kakuita mwalimu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuitwa hivyo."

Na hapa ndipo panaponiuma, kuliko fimbo zote. Nilitabasamu. Sikuwa nimesifiwa tangu mama afe. Watu wazima watatu walikuwa wananitazama na kufurahi, na mimi nilisimama pale katikati ya ua nimejaa kama mtungi. Masenge akamkatia mwalimu mkungu wa ndizi, mkubwa, wa kupika. Mwalimu akasema baiskeli itayumba, kuna mtu wa kuishika? Niliishika mimi. Nilishika usukani kwa mikono miwili wakati wanafunga mkungu nyuma, juu ya daftari.

Jumatatu nilikwenda shule bila kuaga. Deo nilimfunga mgongoni, kwa sababu nisingeweza kumwacha, nami nilikuwa najua kwamba hatanichafua. Nilisimama nje ya dirisha nikamsikiliza Mwalimu Gervas akiita majina. Alimwita Sofia. Nikavuta pumzi, maana baada ya Sofia siku zote nilikuwa mimi. Akamwita Stefano. Nilidhani amekosea. Nikangoja mpaka mwisho, hadi akafunga daftari. Hakutazama dirishani, au alitazama, sijui. Deo akaanza kusikiliza taarifa yake ya habari, nikampeleka nyuma ya choo cha shule, nikamnyooshea miguu, tukarudi nyumbani.

Mtoto wa pili alizaliwa mwezi wa kwanza kama alivyosema Bernado. Wakampa jina, sitalitaja, yeye hana kosa. Alipofikisha mwaka mmoja na miezi kadhaa, masenge akanipa jani la mgomba mkononi. Nilikaa chini. Nikakunja miguu.

"Nyoosha."

"Sinyooshi."

Alinipiga kwa fimbo ya mti wa kahawa, ile nyembamba isiyovunjika. Kovu moja liko juu ya kifundo cha kushoto, nikivaa viatu vya kanisani linaonekana. Nililala bila chakula. Asubuhi jani, nikakunja miguu. Bernado akajaribu naye, kwa mkanda. Nikakunja. Nilichota maji, nilitwanga, nililima mihogo, sikukataa kazi nyingine yoyote; lakini choo cha mtoto wao sikuwa tena. Siku ya tisa masenge alikaa chini mwenyewe, akanyoosha miguu yake iliyopasuka visigino, na akanitukana tangu mwanzo hadi mtoto alipomaliza. Nilikuwa napepeta unga. Niliyasikia matusi yote, na nawaambia kweli, nilipepeta kwa mdundo wake.

Nilipofika miaka kumi na minne niliondoka kwa lori la maharage, nikaja Kasulu, nikapata kazi ya kuosha vyombo hotelini. Kusoma barua na kuandika hivi mnavyoona nilimalizia ukubwani, kisomo cha watu wazima, nimekaa kwenye dawati la mtoto magoti yamegusa kidevu. Nimezaa watano, wote nimewakalisha juu ya nyayo hizi. Kwa hiyo mgongo wa masenge naufahamu. Nami nimelima na mimba, na mume mlevi kando. Naufahamu kabisa. Kumsamehe ni jambo jingine, na hakuwahi kuniomba.

Alikufa mwaka jana. Nilikwenda Kakonko kumzika kwa sababu watu wangesema nisipokwenda, na kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu. Deo sasa ni bwana mkubwa, kitambi, ana kazi ofisini, anaitwa mheshimiwa na vijana. Alinikumbatia. Sina neno na Deo. Tulipotoka makaburini tukakaa chini ya turubai, na pale, na fimbo yake na miwani iliyofungwa uzi, alikuwepo Mwalimu Gervas.

Wazee wakiwa msibani husimulia ya zamani ili msiba uwe mwepesi. Yeye akasimulia ya Deo. Alisimulia vizuri, siwezi kumnyima. Alitengeneza hata uso wa Deo alivyokaza. Watu walicheka, Deo mwenyewe alifunika macho. "Basi nikarudi shuleni na mkungu wangu," akamalizia, anajipangusa machozi ya kicheko, "nikaandika mbele ya jina la huyu dada: amehama. Ilibidi uandike kitu, kule juu walikuwa wanauliza."

Amehama.

Kwa miaka karibu arobaini nilidhani jina hutoka daftarini lenyewe, kama jani, mwenyewe akikawia. Nilijilaumu kwamba nilikuwa mzito. Kwamba kama ningemfundisha Deo kwa wiki tatu badala ya sita ningewahi. Kwamba kama lile jogoo nisingeliacha lizurure. Hata uzee unaninyemelea bado nilikuwa nalilaumu jogoo. Sikuwahi kufikiria kwamba kulikuwa na mkono ulioshika kalamu.

Nilisimama. "Mwalimu, nilihamia wapi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Eeh?"

"Uliandika nimehama. Nauliza, nilihamia wapi?"

"Dada Skola," Deo akasema taratibu, "tuko msibani."

"Najua tulipo, mdogo wangu. Mimi siku zote nilikuwa najua nilipo. Mwalimu ndiye hakujua."

"Ni mambo ya zamani, mwanangu," mwalimu akasema. "Na ulikuwa hodari. Kila mtu hapa kasikia ulivyokuwa hodari."

"Sikuulizi uhodari. Nauliza nilihama?"

Mwanamke mmoja nyuma yangu alinivuta nguo. Nilimtoa mkono. Mwalimu alikohoa, akaishika fimbo yake kwa mikono miwili, na akasema kwa sauti ya chini, "Hukuhama."

"Walio nyuma hawajasikia."

"Hakuhama!" akasema kwa sauti, kwa hasira, kama ananichapa. "Alikuwepo. Alikuwepo siku zote."

Nikakaa. Baadaye wazee wa ukoo waliniita pembeni kuniambia nimeaibisha msiba, nikawaambia ndiyo. Uji ulipoletwa nilikunywa kikombe changu chote nikaomba kingine, na aliyekuwa anagawa alinipa bila kunitazama.

Halikunirudishia darasa, neno lile. Lakini kwenye gari la kurudi Kasulu niliona jambo ambalo yule mtoto aliyeshika baiskeli asingeweza kuliona. Yeye hakuchelewa. Alipewa kazi ya mtu mzima akaimaliza kwa wiki sita, na pale uani kila mmoja alilijua hilo. Walicheka kwa sababu walilijua. Miaka yote nikihesabu waliokosa siku ile, nilianza na mimi. Anastazia. Bernado. Gervas. Nimehesabu tena na tena, njia nzima, na mimi simo.